Tumefungwa Nane: Mjadala wa Safu ya Ulinzi Mjini Garissa

Jumanne ya tarehe 18 Novemba 2025, mwishoni mwa Mfungo Nane, Harambee Stars ilifungwa na Senegal mabao manane kwa nunge huko Antalya, nchini Uturuki. Ilikuwa mechi ya kirafiki tu, haina pointi wala kombe, na Sadio Mané alikuwa miongoni mwa waliofunga. Sisi huku Pwani tuliisikia habari hiyo, tukasikitika, tukalala. Siku chache baadaye tulifika Garissa kwa arusi ya jamaa zetu, tukakuta mji haujalala bado. Katika vibanda vya chai kandokando ya Soko Mugdi, ukingoni mwa Mto Tana vijana wapungapo upepo jioni, na hata uani kwa wanawake waliokuwa wakichambua mchele wa arusi, swali lilikuwa moja: abadilishwe nani, kocha au mabeki?

Huenda msomaji akauliza kandanda limeingiaje katika kurasa hizi, ambazo aghalabu huzungumzia malezi, ibada na afya ya nyumba. Jibu letu ni kwamba mjadala huu hatukuusikia uwanjani bali sebuleni. Wanaoujadili ni watoto wetu, ndugu zetu na waume zetu, na mama asiyejua wanazungumza nini hukosa mlango wa kuingilia katika mazungumzo yao. Tena tulikuta Garissa jambo ambalo hatukulitazamia, nalo tutalifikia.

Mwenyeji wetu ni mama mjane mwenye watoto watatu: wavulana wawili wakubwa na binti aliye kidato cha tatu. Ndugu yake, ambaye watoto humwita abti, yaani mjomba, ni mchuuzi wa mifugo na hulala hapo kila aletapo ngamia sokoni. Usiku wa pili wa kukaa kwetu, baada ya Isha, abti aliketi kwenye mkeka na kikombe chake cha chai ya maziwa ya ngamia, akaanzisha mashtaka. Mshtakiwa wa kwanza alikuwa Benni McCarthy.

Hoja ya abti ilikuwa nyepesi. Mtu mnyonge, alisema, hapigani uwandani. Hurudi nyuma akaegemea ukuta, akangoja. Hivyo ndivyo timu yetu ilivyofanya siku za Engin Firat, yule kocha Mturuki. Mwezi Juni 2024, Kenya ilikutana na Ivory Coast, mabingwa wa Afrika wa mwaka huo, tena ikiwa mwenyeji katika nchi ya watu, mjini Lilongwe, Malawi, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na uwanja uliokubaliwa. Mechi ikaisha sare tasa. Mabeki walikaa chini, viungo wakakaa mbele yao, na Waivory wakazunguka pembeni kama mbuzi waliofungiwa nje ya zizi. Mwezi Oktoba 2025 timu hizo zikakutana tena mjini Abidjan, safari hii chini ya McCarthy, na Kenya ikafungwa matatu kwa nunge. Abti hakuona haja ya kuendelea. Alitaka kuta zirudishwe.

Kijana mkubwa aliafiki hukumu lakini si sababu zake. Yeye aliona kosa liko katika benchi la ufundi lenyewe. McCarthy, alitukumbusha, alikuwa mshambuliaji maisha yake yote. Alichukua Kombe la Mabingwa wa Ulaya akiwa na Porto mwaka 2004, na ndiye mfungaji bora katika historia ya timu ya taifa ya Afrika Kusini, kwa mabao 31. Alipokuwa Manchester United kati ya mwaka 2022 na 2024, kazi yake ilikuwa kuwafundisha washambuliaji. Kipa wetu naye ana mwalimu wake, Moeneeb Josephs, aliyelinda lango la Afrika Kusini katika Kombe la Dunia la 2010. Basi wa kufunga ana mwalimu aliyefunga, wa kudaka ana mwalimu aliyedaka; beki je, mwalimu wake aliyekaba ni nani? Hakutaka McCarthy afukuzwe. Alitaka Hussein Mohammed, rais wa Shirikisho la Kandanda la Kenya tangu Desemba 2024, amtafutie msaidizi aliyekula jasho la kukaba.

Hapo ndipo binti alipoinuka, akaenda chumbani, akarudi na daftari la hesabu.

Tuliangalia daftari lile kwa makini, kwa maana ni nadra kuona mshabiki anayeandika. Upande mmoja alikuwa ameorodhesha mechi sita za kufuzu Kombe la Dunia ambazo timu ilicheza chini ya McCarthy tangu alipoajiriwa Machi 2025: sare ya matatu kwa matatu na Gambia, kushindwa mbili kwa moja na Gabon, kushindwa tatu kwa moja na Gambia hapo Kasarani, ushindi wa tano bila dhidi ya Ushelisheli, ushindi wa moja bila dhidi ya Burundi, kisha yale matatu ya Abidjan. Chini yake ameandika jumla: mabao 11 tuliyofungwa. Upande wa pili aliandika mashindano ya CHAN ya Agosti, ambayo Kenya iliyaandaa pamoja na Tanzania na Uganda. Mechi tano, mabao mawili. Akapiga mstari mwekundu katikati, na juu ya pande zote mbili akaandika jina lile lile: McCarthy.

Akamwuliza mjomba wake kwa adabu, lakini bila kusita: ikiwa kocha ni mmoja, abti, inakuwaje lango liwe na komeo upande huu na liwe wazi upande huu?

Mambo ya Agosti yanastahili kukumbukwa vizuri, kwa sababu yalipita upesi. Kenya iliifunga Kongo moja bila. Ikatoka sare ya moja kwa moja na Angola, ilhali Marvin Nabwire alikuwa ametolewa kwa kadi nyekundu hata nusu saa haijatimia. Ikakutana na Morocco, ikapata bao la Ryan Ogam, kisha karibu na mapumziko Chrispine Erambo naye akaonyeshwa kadi nyekundu. Kipindi chote cha pili watu kumi walisimama mbele ya kipa Bryne Omondi na bao halikuingia. Morocco hiyo ndiyo iliyokuja kulitwaa kombe mwishoni mwa mwezi. Baadaye Zambia nayo ikafungwa moja bila. Mechi nne za kundi, bao moja tu lililoingia, na mara mbili tulikuwa pungufu. Nahodha wa kikosi kile alikuwa Abud Omar, beki wa kushoto.

Binti alikuwa na maelezo yake. CHAN ni mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani pekee. Vijana wale walikuwa pamoja kambini kwa muda, wakala pamoja, wakakaba pamoja, hata kila mmoja akajua mwenzake atasogea lini. Timu ya mechi za kufuzu huja kwa ndege kutoka nchi mbalimbali, hufanya mazoezi siku chache, ikaingia uwanjani. Mshambuliaji aweza kuja leo akafunga kesho, maana bao mara nyingi ni werevu wa mtu mmoja. Safu ya ulinzi haiji hivyo. Watu wanne husogea kama mtu mmoja: mmoja akipanda, watatu wapande, mmoja akichelewa hatua mbili, mstari umevunjika, na mshambuliaji wa watu ameshapita akiwa peke yake na kipa.

Mama mmoja aliyekuwa akichambua mchele, ambaye hatudhani amewahi kutazama mechi nzima, alilifahamu jambo hilo kuliko sisi. Alisema ni kama watu wanne wanaobeba sinia moja la wali wa arusi. Akiwa na nguvu mmoja, haifai kitu. Wasipokwenda kwa hatua moja, mchuzi utamwagika. Wanawake walicheka, na tangu hapo mjadala ukahamia kwao pia.

Abti hakukubali kushindwa na daftari. Alijibu, na tunakiri alikuwa na haki, kwamba Morocco ya CHAN si Morocco ya Kombe la Dunia. Nao walikuja na wachezaji wa nyumbani kwao, bila nyota wao wa Ulaya. Kuwazuia hao ni jambo jema, lakini kuizuia Senegal yenye Mané ni jambo jingine. Binti alinyamaza kidogo, akaandika kitu pembeni mwa daftari. Tulipochungulia, tukaona ameandika: abti, pointi moja.

Kwa maoni yetu sisi tusio wataalamu, binti alikaribia ukweli kuliko wengine, ingawa kaka yake naye hakukosea. Kubadilisha kocha kila tufungwapo tumekujaribu miaka mingi, na hakuna safu iliyojifunza kutembea pamoja kwa njia hiyo. Kinachobanwa ni muda, na muda hauongezwi kwa kumfukuza mtu. Lakini kumwongezea mwalimu wa mabeki hakumvunjii mtu heshima. Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na wageni watakaokuja hawatakuja na vikosi vya nyumbani.

Kijana wa pili, mwenye umri wa miaka 19, hakusema lolote usiku ule. Mama yake alimtazama mara mbili tatu. Asubuhi, tulipokuwa tukinywa chai na anjera, alitueleza sababu. Siku ya mechi ya Senegal kijana alikuwa ametia fedha kwenye simu, si kwamba Kenya itashinda, bali kwamba haitafungwa zaidi ya mabao matatu. Zilikuwa fedha za kununulia vocha za duka dogo la mama yake. Tunalitaja jambo hili, kwa ruhusa ya mama, kwa sababu linapatikana katika nyumba nyingi za Mombasa na Lamu vilevile na halisemwi. Kamari imeharimishwa katika Suratul Maida, aya ya 90, pamoja na pombe, wala haihalalishwi na udogo wa kiasi au kwa kuitwa utabiri. Mama hakumpigia kelele. Alimwambia atazilipa kwa kubeba maji na magunia hadi fedha zitimie, na mpira aendelee kuutazama. Kilichomfariji, alisema, ni kwamba alimwona akilia kabla hajajua kwamba fedha zimekwenda. Bao la kwanza lilipoingia tayari alikuwa ameshika kichwa.

Neno walilolitumia Garissa kwa safu ya nyuma lilikuwa ulinzi. Kwetu ni neno la kawaida. Hata timu ya jeshi letu la Kenya yaitwa Ulinzi Stars. Lakini watu wazima pale hulitamka kwa namna nyingine. Kwa miaka mingi ulinzi ulikuwa ni vizuizi barabarani, ni kushushwa kwenye basi na kuulizwa karatasi. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walikivamia Chuo Kikuu cha Garissa, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi, watoto wa watu waliotumwa kusoma. Mungu awafariji wazazi wao. Mara baada ya hapo serikali iliweka amri ya kutotoka nje katika kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kuanzia saa kumi na mbili u nusu jioni hadi saa kumi na mbili u nusu asubuhi. Saa hiyo ya jioni ni saa ya Maghrib. Mji ulifungwa pamoja na jua. Kumbi za kutazamia mpira zikawa giza, na mwenyeji wetu anakumbuka wavulana wake, wadogo wakati ule, wakisikiliza matokeo redioni sauti ikiwa chini kabisa, kana kwamba kandanda nalo limepigwa marufuku.

Sasa fikiria Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 2025. Robo fainali ya CHAN, Kenya na Madagascar, ilianza saa kumi na moja jioni. Baada ya mapumziko beki Alphonce Omija akaipatia Kenya bao. Jua lilikuwa linatua juu ya Garissa. Katika ukumbi aliokuwamo kijana mkubwa, mwenye ukumbi alizima sauti adhana ilipoanza. Nusu ya watu wakatoka kwenda msikitini wakaswali jamaa, na nusu wakaswali hapo hapo nyuma ya viti, kwa zamu, juu ya maboksi yaliyokunjuliwa. Kabla ya wote kurudi, Madagascar walikuwa wamesawazisha kwa penalti. Mechi ikaingia muda wa ziada, kisha mikwaju ya penalti, na Kenya ikatolewa kwa nne dhidi ya tatu. Watu walitoka pale usiku umekwisha ingia, wakasimama barabarani kwa makundi wakilaumiana juu ya nani hakupaswa kupiga penalti. Hakuna aliyewaambia waende nyumbani. Mama yao alikuwa mlangoni, na anasema alisikia sauti za vijana barabarani usiku, akashtuka kwa mazoea ya zamani, kisha akasikia wanabishana juu ya nani apige mkwaju wa kwanza, akarudi jikoni.

Jambo ambalo hatukulitazamia ni silabi moja. Kila aliyezungumza pale alisema tumefungwa, beki yetu, tungekaa chini, tungepanda. Hakuna aliyesema Kenya wamefungwa. Msomaji wa Pwani huenda asione ajabu. Lakini wazee wa kaskazini mashariki walikuwa na msemo unaojulikana: mtu akisafiri kwenda Nairobi, husema anakwenda Kenya. Hawakusema hivyo kwa mzaha. Eneo lao liliwekwa chini ya hali ya hatari tangu mwisho wa 1963, na sheria zake hazikuondolewa kabisa hadi mwaka 1991. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walipigwa msasa na kupewa kadi maalumu, juu ya vitambulisho walivyokuwa navyo, ili wathibitishe kwamba ni Wakenya. Abti alikuwa kijana wakati huo. Kadi yake anayo mpaka leo, na alituonyesha bila kusema neno. Ilikuwa imefungwa katika karatasi ya nailoni pamoja na hati za ngamia.

Hata vijana waliozaliwa juzi walizikuta kamati za kupiga msasa zikiwangoja walipotimiza miaka 18, wakati ambapo mwenzao wa mkoa mwingine alijaza fomu akaenda zake. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuukomesha utaratibu huo. Wako wanaolishangilia tangazo hilo, na wako wanaongoja kuona. Mwenyeji wetu ni wa kundi la pili. Kijana wake wa pili hana kitambulisho bado. Ameketi usiku kucha akilia kwa ajili ya beki ya nchi ambayo haijampa karatasi ya kusema kwamba ni yake, na mama yake hajui achekeshwe au ahuzunishwe na jambo hilo.

Tulimwuliza abti kama naye amewahi kusema anakwenda Kenya. Alisema ndiyo, miaka mingi. Na leo? Alifikiri, akapuliza chai yake, akasema kwamba leo akienda Nairobi husema anakwenda Nairobi. Kisha akarejea kwenye suala la beki wa kulia, ambaye kwa maoni yake hupanda mbele kupita kiasi.

Arusi ilipita salama, alhamdulillahi. Siku ya kuondoka kwetu tuliamka mapema kuwahi basi la Mombasa, tukamkuta kijana wa pili amekwisha vaa shati safi. Alikuwa na bahasha yenye cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mama yake, na alikuwa anakwenda kupanga foleni ya kuandikisha kitambulisho. Dada yake alimpa daftari la hesabu afanye nalo kazi wakati wa kungoja, kwa sharti asilikunje. Tulipita na gari karibu na hapo yapata saa mbili. Foleni ilikuwa ndefu, imepinda hadi kwenye kivuli cha ukuta, na vijana watano au sita walikuwa wamemzunguka, daftari limefunguliwa, mmoja akichora kwa kijiti mchangani mstari wa mabeki wanne na mwingine akiufuta kwa kiatu ili aweke watatu.